Marahaba ya Jumatatu

Mwenye duka niliyemfanyia kazi Kilosa hakuwahi kuua hata sisimizi, na alipenda watu walijue hilo. Kila asubuhi, kabla hatujafungua, alikwenda uani na bakuli la unga uliochanganywa na sukari, akaumwaga kidogo kidogo kwenye vitundu vilivyokuwa kando ya ukuta. Alisema ndivyo Uhindu ulivyomlea: chenye uhai kisidhuriwe, na kikiwa na njaa kilishwe. Mke wake alisema hiyo ni biashara tu, kwa sababu sisimizi aliyeshiba uani hana haja ya kuhangaika na gunia la sukari dukani. Walibishana kwa Kigujarati, lugha nisiyoijua, lakini ubishi wa mke na mume hauhitaji mkalimani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Sabuni ambayo mama yangu aliipangia foleni tangu alfajiri sasa ilikuwa imepangwa mpaka darini, miche kwa miche, na mtu aliweza kuinusa na kuondoka bila kununua. Kila aliyekuwa na mtaji alifungua duka, na asiyekuwa nao alifungua kibanda. Jirani yetu wa kulia aliuza kila kitu, pamoja na sumu ya panya, ambayo bosi wangu, mzee yule wa sisimizi, alikataa kuiweka.

"Nenda hapo jirani," aliwaambia wateja. "Lakini usiniambie unakwenda kufanya nini."

Siku moja mkulima mmoja wa Masanze, aliyekuja kununua panga, alimchokoza. "Mzee, sumu huuzi, panga unauza. Panga halidhuru?"

"Panga ni la kufyekea majani."

"Na majani hayana uhai?"

"Unanunua au hununui?"

Mkulima alinunua, akatoka anacheka. Mzee alibaki ananung'unika, nikajua swali limemwingia.

Neno lenyewe ni ahimsa. Nililisikia kwake kwa mara ya kwanza nilipoinua ufagio kumpiga mende. Alinishika mkono, akamsogeza mende yule kwa kipande cha boksi mpaka nje, kisha akanieleza kwamba kutodhuru kuna ngazi tatu: mkono, ulimi na moyo. "Mkono ndio rahisi," alisema. "Hata mvivu anaweza kutokupiga mtu."

Nilifanya kosa la kwenda kuwasimulia wadogo zangu. Walikuwa watatu, wavulana wawili na binti wa mwisho aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele. Baba alitangulia kaburini, mama akamfuata, na mimi niliyekuwa mkubwa nilitoka shule darasa la sita nikaingia dukani. Tangu siku ile, kila nilipovua kandambili kumwadabisha mmoja wao, wote watatu walisimama ukutani na kuniambia kwa sauti ya upole, "Dada, ahimsa." Huwezi kumpiga mtoto anayekuambia hivyo huku amefumba macho kama mtakatifu. Nilivaa kandambili yangu nikaenda kuchota maji.

Basi mkono wa mzee ulikuwa safi. Taabu ilikuwa ulimi. Alizaliwa Kilosa, akakua na watoto wa Kilosa, na alikijua Kiswahili cha kuumiza kuliko wengi wetu. Mtu akija kununua betri moja, alimuuliza kama redio yake inasikia kwa sikio moja. Bwana harusi akichagua khanga ya bei ya chini kabisa, alimwambia, "Nunua mbili, hii ya pili utampa mke utakayeoa huyu akishakukimbia." Wengi walicheka. Wachache hawakucheka, na mmoja wa hao alikuwa shemeji yake mwenyewe, kaka wa mke wake, ambaye waliendesha naye duka. Mzee alimwambia neno moja mbele ya wateja, neno ambalo hata mke hakuwahi kunitajia, na shemeji akafunga mizigo yake akahamia Morogoro. Hawakuonana tena.

Mzee alimfuata kuhani wa hekalu lao huko Morogoro kutafuta faraja. Alitarajia kusifiwa kwa ajili ya sisimizi. Kuhani alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba mtu anaweza kulisha sisimizi maisha yake yote na bado akawa muuaji kwa mdomo. Mzee alirudi Kilosa na nadhiri: kila Jumatatu, tangu jua linapochomoza mpaka linapochomoza tena, hatasema neno.

Kwao hiyo ni ibada inayojulikana. Kwetu Kilosa ilikuwa balaa.

Hapa kwetu mtu anaweza kukudhulumu shamba mkaendelea kuishi, lakini umpe shikamoo asikuitikie, hilo litafika mbali. Jumatatu ya kwanza mzee alikaa nyuma ya kaunta ametulia, anajisikia ameacha kudhuru, na watu wakaingia mmoja mmoja kujeruhiwa. Akina mama walitoka wakiulizana wamemkosea nini. Kijana wa jamii ya wafugaji aliyekuja kununua majani ya chai alitoa shikamoo mara mbili, akaondoka bila majani ya chai. Kesho yake alirudi na baba yake, mzee wa shuka na fimbo, kuuliza ng'ombe wao wameingia shamba gani la Mhindi ili wazungumze yaishe.

"Mimi sina shamba," mzee alisema.

"Basi wamekula nini chako?"

"Hawajala kitu. Jana nilikuwa sisemi, ili nisimuumize mtu."

Mzee wa shuka aliegemea fimbo yake. "Umemuumiza huyu," alisema, akimwonyesha mwanawe. "Hakulala."

Ni mke wa mzee aliyepata dawa. Aliamua kwamba Jumatatu mimi niwe mdomo wa duka. Nilipewa maneno ya kusema na nikakatazwa kuongeza: marahaba, bei, na "rudi kesho".

Kwa maneno nilionekana nimepewa kazi rahisi. Lakini hebu fikiria binti wa umri wangu, mwenye gauni lililofupishwa kutoka la mama yake, amesimama kaunta, na mwanamke rika la marehemu mama anaingia anasema, "Shikamoo mzee." Nilitazama sakafu nikajibu, "Anasema marahaba."

"Mbona sijamsikia?"

"Anasema moyoni."

"Moyoni kwake kuna nani anayemsikia?"

Mzee nyuma yangu alitikisa mabega kwa kicheko alichokizuia, kwa maana kicheko nacho alikihesabu kuwa maneno. Baada ya muda watu walizoea. Vijana wa stesheni waliniita Bi Marahaba, na wengine walinivizia sokoni wakaniinamia, "Shikamoo, mtoto." Wadogo zangu waliwafukuza kwa mawe. Ahimsa yao iliishia kwenye kandambili.

Katika hali hiyo akaja mjomba.

Huyu alikuwa kaka wa mama. Aliishi Mikumi, kando ya barabara kuu, akiwa na mgahawa ambao madereva wa malori ya Iringa walisimama kula. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sufuria kubwa, na aliamini kwamba mtoto akishashiba hana shida nyingine. Baada ya matanga ya mama, ukoo ulikaa ukatugawa: mvulana mmoja aende Mvumi kwa baba mdogo, mwingine Masanze kwa shangazi, binti mdogo Mikumi kwa mjomba, nami niolewe mapema, nisije nikakaa nyumbani bila kazi. Nilikataa. Nilisema kazi ninayo, nyumba tunayo, na watoto nitakaa nao. Wazee hawakuzoea kukataliwa na mtu wa kimo changu, wakaahirisha. Sasa mjomba alikuwa ametumwa kumaliza jambo hilo, na sharti lake lilikuwa moja. Alitaka asikie kwa kinywa cha bosi wangu mwenyewe kwamba kazi ni ya kweli na itaendelea. Akisikia, tutabaki pamoja. Asiposikia, kesho yake anaondoka na mdogo wetu kwa gari la asubuhi, na wengine watafuata.

Alifika Jumatatu.

Nilimwona akishuka barabarani, kofia mkononi, amevaa koti zito kwenye jua la Kilosa, nikajua amekuja kwa heshima zote. Aliingia dukani akasimama wima. Alikuwa karibu rika moja na mzee, pengine mdogo kwa mwaka au miwili, na ingetosha kusema "habari za kazi". Lakini alitaka kuanza vizuri. Alimtazama mzee akasema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Shikamoo."

Mzee akanitazama mimi.

Mimi nikamtazama mjomba.

Kaka wa mama yangu, aliyenibeba mgongoni. Ni binti gani atafungua kinywa chake amwambie mjomba wake marahaba? Duka zima likanyamaza: mwenye duka kwa nadhiri, mimi kwa adabu, na mama mmoja aliyekuwa anachagua sabuni akaacha kuchagua ili asipitwe na kitu.

"Shikamoo," mjomba alirudia, na safari hii haikuwa zawadi.

Mzee aliona nimeshindwa. Alisimama, akazunguka kaunta, jambo ambalo hakulifanya kwa mteja yeyote. Akaja mbele ya mjomba, akaunganisha viganja vyake kifuani na kuinamisha kichwa.

Mjomba akanigeukia. "Ananiombea au ananifukuza?"

"Anakusalimia, mjomba. Leo ni siku yake ya kutosema. Ni dini."

"Bubu wa siku moja?"

"Kila Jumatatu."

Mzee alileta kiti chake mwenyewe, akakipangusa kwa kitambaa. Mke wake akatoka ndani na maji, kisha chai ya maziwa yenye tangawizi. Mjomba aliketi. Mzee akakaa juu ya gunia la mchele mbele yake, mikono magotini, akamtazama.

Sasa mjomba alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Njia nzima kutoka Mikumi alikuwa amepanga hoja, na mtu aliyepanga hoja lazima azitoe, la sivyo zitamletea homa. Akaanza. Alieleza kuhusu ukoo, kuhusu mama yetu alivyokuwa mkaidi tangu utoto, kuhusu watoto wanaolelewa na watoto. Alipomaliza hoja alisubiri jibu. Mzee aliendelea kumtazama kwa macho ya kusikiliza. Mjomba, akiwa hana wa kumpinga, akaanza kujipinga mwenyewe. "Ni kweli," alisema, "kwangu nako hakuna nafasi. Wanangu wanalala watatu kitanda kimoja." Akanywa chai. "Na Mvumi huyo baba yao mdogo si mtu wa kukaa na mtoto, mimi namjua." Mama wa sabuni alikuwa ameketi sasa, anaitikia kwa "mmh" kila sentensi.

Mwishowe mjomba alifika kwenye sharti. "Basi bwana, mimi nataka neno moja tu. Kazi ya huyu binti ipo, na itaendelea?"

Mzee alifumba macho.

"Mwambie, basi," mjomba aliniambia. "Si nimesikia wewe ndiye mdomo wake? Sema, niende zangu."

Neno lilikuwa tayari. Mama wa sabuni alinikonyeza niseme. Mzee alifumbua macho akanitazama, na hakunionyesha ndiyo wala hapana. Kutodhuru kwake, alikuwa ameniambia zamani, hakukai nyumba moja na uongo, na mimi sikujua kesho yangu dukani zaidi ya alivyojua mjomba.

"Marahaba naweza kumsemea," nilisema. "Na bei. Hili nimekatazwa. Rudi kesho, mjomba."

"Kesho nina gari la asubuhi."

"Tunafungua kabla ya gari."

Akalala kwetu. Niliwaosha wadogo zangu nikawaamuru wawe na heshima, wakawa na heshima mpaka mjomba akaingiwa na wasiwasi kwamba wanaumwa. Ni binti mdogo tu aliyenisaliti. Alikaa karibu na mjomba na maswali yake yakipita kwenye pengo la meno.

"Mjomba, ni kweli tembo wanapita mlangoni kwako?"

"Wanapita."

"Kila siku?"

"Siku wakiwa na nafasi."

"Nikija nitawaona?"

"Utawachoka."

Alikwenda ndani akatoka na gauni lake la sikukuu limefungwa kwenye khanga ya marehemu mama. Aliliweka karibu na mlango. Mjomba alilitazama furushi lile, akanitazama mimi, akasema kwamba yule bosi wangu ni mtu wa hekima ya ajabu. "Tumezungumza mambo mengi sana leo," alisema.

Jumanne asubuhi tulimkuta mzee anatoka kulisha sisimizi. Wanaomjua huchelewa kwenda dukani siku ya Jumanne, kwa sababu ulimi uliopumzika siku nzima huamka na nguvu mpya. Sikuwa na uwezo wa kumchelewesha mjomba.

"Shikamoo," mjomba alisema, akitabasamu kwa rafiki yake wa jana.

"Marahaba. Umekuja na kamba?"

"Kamba?"

"Ya kuwafungia watoto. Nimesikia unawagawa kama kuku wa mnada, mmoja Mvumi, mmoja Masanze. Wa Mikumi ulimchagua kwa uzito?"

Tabasamu la mjomba lilianguka. Mzee hakusimama. Alimwambia kwamba mtu anayehitaji msichana wa kuosha sufuria aajiri msichana, asiite jambo hilo ukoo. Kisha akanigeukia mimi ili haki itendeke kwa wote. Alisema mimi ni mbishi, nachelewa, napima mchele kama napima dhahabu na sukari kama napima mchanga, na kwamba uso wangu wa asubuhi unafukuza wateja ambao yeye hajawafukuza. Hapo mke wake akakohoa kutoka ndani. Kikohozi kile tulikifahamu. Mzee akanyamaza, akashika kingo za kaunta.

"Kazi ipo," alisema polepole, akichagua neno moja moja. "Itakuwepo muda wote duka likiwepo. Hilo nimekuambia kwa kinywa. Na lile la sufuria, nisamehe. Lilinitoka."

Mjomba alivaa kofia, akaivua tena. Alinivuta pembeni, lakini alizungumza kwa sauti iliyofika barabarani.

"Yule wa jana ningemwachia watoto bila wasiwasi. Huyu wa leo katoka wapi?"

"Ni yuleyule."

"Jana alikuwa na busara."

"Jana ulikuwa unazungumza wewe, mjomba."

Alinitazama kwa ukali, na kwa kitambo nilidhani nimepoteza kila kitu kwa ulimi wangu mwenyewe. Nikaona heri nimalize nilichoanza.

"Wa jana namwona mara moja kwa wiki," nilisema. "Huyu wa leo ndiye ninayefanya naye kazi, na sijawahi kulala njaa. Lakini watoto huwaachi kwake. Unawaacha kwangu. Ukitaka kuuliza kama nitaendelea, niulize mimi."

Mjomba hakuuliza. Alikaa kimya muda mrefu kuliko alivyozoea, na nadhani hakupenda ladha yake. Kisha akasema kwamba yeye ametumwa kusikia neno, neno amelisikia, ingawa limekuja na matusi. Atawaambia wazee hivyo. Alinunua sabuni ya mche kwa mzee wangu, nzima, siyo kipande, akaomba apunguziwe. Mzee alifungua kinywa, akakifunga, akapunguza.

Nilimsindikiza mpaka kituoni. Binti mdogo alikuwa ametutangulia, amekaa juu ya furushi lake, ameinyoosha miguu yenye mafuta ya nazi. Ilibidi nimwambie mimi kwamba haendi. Alinisikiliza, akatazama gari likiondoka na vumbi lake, akachukua furushi akatembea mbele yangu mpaka nyumbani bila kugeuka.

Siku nzima hakusema nami. Kaka zake walimchekesha, hakucheka. Mchana nilimweleza mzee kwamba nyumbani kwangu nako sasa kuna mtu wa nadhiri. Nilisema kwa mzaha, lakini yeye aliacha kupima mchele.

"Amenyamaza ili asikuumize, au ili akuumize?"

"Ili aniumize."

"Hiyo siyo kama yangu, basi," alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika sana. Alitazama upande wa kiti cha shemeji yake, ambacho bado kilikuwa kwenye kona ya duka, kimejaa maboksi. "Lakini usimlazimishe kusema. Amenyimwa tembo. Wewe ungesema?"

Nilirudi nikapika maharage. Nilikuwa nimewaweka wadogo zangu chini ya paa moja kama nilivyoapa, na mmoja wao alikuwa ameumia kwa kiapo changu hichohicho. Sikuona namna ya kumsogeza kwa kipande cha boksi, kama mende yule. Tulikaa kula tukizunguka sinia. Binti mdogo alikata tonge, akachovya, akatafuna kwa upande wenye meno. Akakunja uso.

"Haya maharage hayana chumvi," alisema. "Kwa mjomba yangekuwa na chumvi."

Wavulana walinitazama waone kama nitavua kandambili. Nikainuka nikaenda kuleta chumvi.